Kumtambua nyigu wa karatasi kwa rangi na alama zake: mwongozo kamili

Nyigu wa karatasi wa jenasi Polistes wana spishi zaidi ya 200, na wanaishi katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Wengi wao wamegawana rangi zilezile tatu: nyeusi, njano na rangi ya kutu. Ndiyo maana mtu anayeona mistari ya njano na kutaja jina la spishi papo hapo mara nyingi hukosea. Rangi zinasaidia, tena sana, ila hazina uzito sawa. Zipo alama zinazokaa vilevile kwa karibu kila jike wa spishi moja, na zipo zinazobadilika kutoka nyigu mmoja hadi mwingine ndani ya kiota kimoja. Za kwanza nitaziita alama tulivu, za pili alama za kuyumba. Asiyejua kuzitenganisha atahesabu madoa mpaka jua lizame bila kupata jina.

Mpangilio wa mwongozo huu ni huu: kwanza umbo, kisha jinsia, kisha mahali, ndipo rangi, na uso mwisho kabisa. Watu wengi hupenda kuanzia usoni kwa sababu ndiko kunakovutia. Sababu ya kuuweka uso mwisho utaiona mbele.

Maneno machache ya mwili

Ili tuelewane, mwili wa nyigu nitaugawa hivi. Kichwani kuna vipapasio viwili, macho, taya, na bamba la uso, yaani kile kipande kipana kilicho juu ya taya, katikati ya uso. Shavu ni nafasi ndogo kati ya ukingo wa chini wa jicho na mzizi wa taya. Ni padogo mno, lakini wataalamu hupaangalia sana. Kifua kina mgongo wake juu, na nyuma kinateremka kuelekea kiunoni. Sehemu hiyo nitaiita mteremko wa kifua. Halafu kuna tumbo lenye pingili, tukizihesabu kuanzia kiunoni. Kila pingili ina bamba la juu na bamba la chini, na mara nyingine rangi za mabamba hayo mawili hazifanani.

Hatua ya 1: Hakikisha ni Polistes

Ukikiona kiota, kazi imepungua nusu. Nyigu wa karatasi hujenga sega moja la vyumba vya pembe sita, lililo wazi upande wa chini, bila ganda la kulifunika, likining'inia kwa kikonyo chembamba. Karatasi yenyewe ni nyuzi za mti zilizotafunwa na kuchanganywa na mate. Nyigu wa Vespula, ambao nao wana njano na nyeusi, hufunika masega yao kwa ganda, na aghalabu hujificha ardhini au ndani ya uwazi wa ukuta.

Kiota kisipokuwepo, tazama umbo. Tumbo la Polistes limechongoka mwanzo na mwisho kama punje ya mpunga; pingili ya kwanza huanza nyembamba na kupanuka taratibu. Kwa Vespula, pingili hiyo imekatika wima upande wa mbele, hivyo tumbo huonekana nene tangu kiunoni. Mtazame pia akiruka: miguu ya nyuma ya Polistes ni mirefu na huning'inia chini ya mwili. Dalili hii huonekana hata kwa mbali, kabla rangi yoyote haijaonekana vizuri.

Wapo ndugu wa karibu wanaojenga viota vya wazi vilevile. Belonogaster wa Afrika, ambao wengi wao ni wa kahawia iliyoelekea wekundu, na Mischocyttarus wa Amerika, wana kiuno kirefu na chembamba kinachojitokeza kama sehemu ya peke yake. Ukiona kiuno cha namna hiyo, mwongozo huu haumhusu huyo.

Kisha kuna waigaji. Inzi wengi wamevaa mistari ya nyigu, lakini inzi ana mbawa mbili tu, na vipapasio vyake kwa kawaida ni vifupi mno. Mwigaji aliyenivutia kuliko wote ni Climaciella brunnea wa Amerika, mdudu asiye nyigu kabisa, mwenye miguu ya mbele ya kunasia mawindo. Spishi hiyo moja ina sura kadhaa za rangi, na kila sura humwiga Polistes tofauti. Anayetegemea rangi peke yake atamtaja kwa jina la nyigu bila wasiwasi wowote.

Hatua ya 2: Piga picha zinazofaa, na usiumwe

Picha moja nzuri kutoka juu haitoshi. Unahitaji nne: ya juu ikionyesha mgongo na tumbo lote, ya ubavuni, ya mbele ikionyesha uso na vipapasio, na ya nyuma inayoonyesha mteremko wa kifua. Ukibahatika kupata upande wa chini wa ncha ya tumbo, ongeza ya tano. Hiyo ya tano hukosekana karibu kila mara, na kwa baadhi ya spishi ndiyo ingemaliza ubishi.

Mwanga huharibu rangi kuliko kamera mbovu. Jua la jioni hugeuza njano kuwa rangi ya chungwa, na jua kali la mchana hufuta tofauti kati ya kahawia na rangi ya kutu. Kivuli cha mchana chenye mwanga wa kutosha ndicho bora. Piga nyingi, kisha linganisha picha mbilitatu za nyigu yuleyule kabla ya kuamua kipapasio ni cha rangi gani.

Wakati mzuri ni asubuhi kukiwa bado na ubaridi, nyigu wakiwa wazito. Nyigu aliye mbali na kiota chake, akinywa maji au akizunguka maua, kwa kawaida hana shida na mtu. Kiotani ni habari nyingine. Akiinua mwili na kutandaza mbawa huku amekuelekea, hilo ni onyo. Rudi nyuma polepole, usimpungie mkono wala kumpulizia. Jike anaweza kuuma mara nyingi, kwa sababu mwiba wake haubaki mwilini mwa mtu kama wa nyuki. Mwenye mzio wa sumu ya nyigu asikaribie kiota kwa sababu yoyote, awe na kamera au asiwe nayo. Aliyeumwa akianza kuvimba uso au koo, kupumua kwa shida au kuishiwa nguvu, apelekwe hospitali mara moja.

Hatua ya 3: Jike au dume?

Hatua hii huchukua sekunde chache, na wengi huiruka. Maelezo mengi ya rangi yameandikwa kwa ajili ya majike. Dume wa spishi ileile anaweza kuwa na uso tofauti kabisa.

Kipapasio cha dume kina vipande 13 na ncha yake imejikunja. Cha jike kina vipande 12, na hakina ndoano hiyo. Tumbo la dume huonyesha pingili 7, la jike 6. Uso wa dume kwa spishi nyingi ni bapa na wa njano iliyopauka, bila madoa. Dume hana mwiba, ingawa sikushauri uthibitishe hilo kwa kidole.

Katika nchi zenye majira ya baridi, nyigu unaowaona mwanzoni mwa majira ya kuchipua ni majike waanzilishi waliopitisha baridi mafichoni, na madume hujitokeza kwa wingi majira ya joto yanapoelekea kwisha. Kwa hiyo ukikutana na nyigu mwenye uso wa njano tupu wakati huo, angalia ncha za vipapasio kwanza.

Hatua ya 4: Mahali huja kabla ya rangi

Nyigu mweusi mwenye njano aliyepigwa picha Japani na mwenzake wa Ufaransa wanaweza kufanana sana pichani, wakati majina yao hayakutani popote. Kabla ya kusoma doa hata moja, tafuta orodha ya Polistes wanaojulikana katika eneo lako. Kwingi orodha hiyo ni fupi, na spishi zaidi ya 200 zitakuwa zimebaki chache za kuchagua.

Tahadhari ni kuhusu wageni. Polistes dominula, ambaye kwao ni kusini mwa Ulaya, kaskazini mwa Afrika na sehemu za Asia zenye hali ya hewa ya wastani, aligunduliwa Massachusetts, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo amesambaa sehemu kubwa ya Amerika Kaskazini. Afrika Kusini alionekana katika jimbo la Western Cape mwaka 2008. Yupo Australia na Amerika Kusini pia. New Zealand, Polistes chinensis kutoka Asia aligunduliwa Auckland mwaka 1979, akamkuta Polistes humilis wa Australia ambaye alikwisha kuingia karne moja kabla. Orodha ya zamani inaweza kuwa haina wageni hawa, basi tafuta iliyo ya karibuni.

Hatua ya 5: Soma alama kwa mpangilio huu

Vipapasio kwanza. Rangi yake ni miongoni mwa alama tulivu zaidi, na huonekana kwa mbali. Jiulize: ni vya rangi moja toka mzizi hadi ncha, au vimegawanyika? Upande wa juu ni mweusi na wa chini una rangi ya chungwa, au pande zote zinafanana?

Kisha rangi ya msingi ya kifua. Ni nyeusi yenye alama za njano, au ni ya kutu? Usihesabu madoa bado. Unatafuta kitambaa chenyewe, maua baadaye.

Tatu, pingili ya kwanza na ya pili ya tumbo. Je, pingili ya kwanza ina ukanda wa njano ukingoni? Ya pili ina madoa mawili ya pembeni? Mikanda inarudi kwenye kila pingili au inaishia juu?

Nne, mteremko wa kifua. Hapa ndipo watu wa picha za juu hupoteza ushahidi wao bora. Kuwepo kwa mistari miwili ya njano mahali hapa, au kutokuwepo, hutenganisha spishi ambazo kwingine kote zinafanana.

Tano, miguu: rangi ya mapaja, kisha ya sehemu za chini. Mara nyingi ni ushahidi wa kuongezea tu.

Uso, kama nilivyosema, subiri.

Hatua ya 6: Linganisha na spishi zilizo karibu nawe

Nitapitia makundi yanayosumbua zaidi. Siyo orodha ya wote, na kwa maeneo mengine utahitaji ufunguo wa utambuzi wa eneo hilo, yaani orodha ya maswali ya alama inayokufikisha kwenye jina, lakini namna ya kufikiri ni ileile.

Weusi wenye njano na vipapasio vya chungwa. Huyu wa kwanza ni P. dominula jike (P. ni kifupi cha Polistes): vipapasio vya rangi ya chungwa angavu, mwili mweusi wenye mikanda ya njano safi, madoa mawili ya njano kwenye pingili ya pili, mistari miwili kwenye mteremko wa kifua, na aghalabu vidoa viwili vidogo mgongoni mwa kifua. Sehemu za chini za miguu zinaelekea rangi ya chungwa. Amerika Kaskazini, jike mwenye mwili wa namna hii usio na rangi ya kutu, pamoja na vipapasio hivyo, karibu kila mara ni yeye. Hapo pia ndipo watu humchanganya na Vespula, ambaye vipapasio vyake ni vyeusi. Western Cape kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu mwenyeji anayechanganywa naye, P. marginalis, ni wa kahawia ya kutu. New Zealand, vipapasio ndivyo vinavyomtenga na P. chinensis, kwani huyo naye ni mweusi mwenye njano na ana madoa mawili kwenye pingili ya pili, ila vipapasio vyake vimefifia giza.

Ulaya mambo hayaendi kirahisi hivyo. Huko P. dominula anaishi na ndugu zake wa damu. P. nimpha anafanana naye kwa ujumla, lakini vipapasio vyake vina giza upande wa juu, na bamba la chini la pingili ya mwisho ya jike ni jeusi, wakati kwa P. dominula lina njano. Hii ndiyo ile picha ya tano niliyoitaja. P. biglumis ni wa milimani. Naye vipapasio vyake vina weusi juu, na jike ana ukanda mweusi katikati ya bamba la uso. P. gallicus ni mdogo zaidi na wa upande wa Mediterania, na picha ya simu mara chache hutosha kumtenga na P. dominula, panahitajika kioo cha kukuzia na kutazama shavu na taya. Ukisoma maandishi ya zamani kumbuka kwamba P. dominula aliandikwa sana kwa jina la P. gallicus, na baadaye kwa tahajia ya dominulus. Rekodi ya zamani ya gallicus kutoka kaskazini mwa eneo lake usiiamini bila kuona mdudu mwenyewe.

Isitoshe, Ulaya bado haijamaliza kuhesabu. Wataalamu walipowapitia upya Polistes wa Ulaya na nchi zinazoizunguka, wakachapisha mwaka 2017 kwa kutumia umbo pamoja na vinasaba, walieleza spishi mbili mpya. Ikiwa wenye maabara waliachwa na spishi mbili mbele ya macho, mwenye simu asione aibu kuishia kwenye jenasi.

Weusi wenye njano wa Japani. Kuna wawili wakubwa wanaochanganywa kila mara: P. rothneyi na P. jokahamae. Ukiwatazama kutoka juu utabishana mpaka uchoke. Geukia mteremko wa kifua: P. rothneyi ana mistari miwili ya njano inayoshuka hapo, na P. jokahamae mahali hapo ni peusi. Sijui mfano bora zaidi wa kumshawishi mtu apige picha ya nyuma.

Wekundu wa kutu mwili mzima. Kusini-mashariki mwa Marekani kuna P. carolina na P. rubiginosus, ambao wengi huwaita nyigu wekundu bila kuwatenganisha. P. rubiginosus mara nyingi ana weusi zaidi kifuani. Lakini weusi huo huongezeka na kupungua, hivyo shahidi wa kweli hapa si rangi bali matuta: unene wa mikunjo kwenye mteremko wa kifua haufanani kwa spishi hizi mbili. Vitabu vya zamani humwita huyu wa pili P. perplexus.

Kutu juu, nyeusi chini. P. metricus wa mashariki mwa Marekani ana kifua cha rangi ya kutu na tumbo lililo jeusi kwa sehemu kubwa, njano ikiwa haba. P. annularis anaweza kuanza kumfanana, ila tazama pingili ya kwanza: ukingo wake una ukanda wa njano, na pingili zinazofuata zimebaki na giza. Ukanda huo mmoja peke yake kwenye tumbo la giza ni alama tulivu ya kupendeza, na P. annularis ni nyigu mkubwa, kwa hiyo utauona bila kusogea karibu.

Wenye mistari mingi. P. exclamans, wa Marekani ya mashariki na kusini, ni mchanganyiko wa kutu, nyeusi na njano, na mikanda ya njano hurudi kwenye pingili za tumbo moja baada ya nyingine. Kinachomtaja ni vipapasio vilivyogawanyika: mzizi wa rangi ya kutu, katikati peusi, ncha yenye rangi ya chungwa au njano. Magharibi mwa bara hilo P. aurifer ana tumbo lililojaa njano. Jangwani, P. flavus ni wa njano karibu mwili mzima.

Hatua ya 7: Sasa uso, na kwa nini umewekwa mwisho

Mashariki mwa Amerika Kaskazini kuna P. fuscatus. Chukua majike kumi wa kiota kimoja, uwapange mbele yako: huyu ana nyusi za njano, yule hana; huyu bamba la uso ni la kutu lenye ukingo mweusi, mwenzake lina njano. Mtu anayetafuta spishi kwa uso atadhani ameona spishi nne.

Mtafiti Elizabeth Tibbetts ndiye aliyeonyesha kazi ya tofauti hizo. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2002, alibadilisha alama za nyuso za nyigu hao kwa rangi. Wenzao wa kiota waliwashambulia waliobadilishwa, kisha ukali ukapungua walipozizoea sura mpya. Wanatambuana kwa sura, mmojammoja. Mwaka 2011, yeye na Michael Sheehan walionyesha kwamba P. fuscatus hujifunza kutofautisha nyuso kwa wepesi kuliko picha za aina nyingine, wakati P. metricus, ambaye nyuso za spishi yake zinafanana, hana kipaji hicho.

Kwa mtu wa utambuzi, matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja. Pale uso unapofanya kazi ya kumtaja mtu binafsi, hauwezi kuwa alama ya spishi. Kubadilikabadilika ndiko kazi yake. Kwa P. fuscatus uso ni alama ya kuyumba kabisa. Kwa P. metricus uso hautakudanganya sana.

P. dominula yuko katikati. Bamba lake la uso lina njano, na juu yake panaweza kuwa na doa jeusi, madoa mawili, matatu, umbo lenye mawimbi, au pasiwe na kitu. Tibbetts na James Dale, katika makala ya mwaka 2004, waliunganisha weusi uliokatikakatika na hadhi ya nyigu kati ya wenzake, ingawa watafiti waliochunguza nyigu wa Ulaya hawakupata matokeo yaleyale kila mahali. Tena weusi huo huathiriwa na mazingira: mdudu aliyepitia hatua ya pupa, yaani kati ya buu na mdudu kamili, wakati wa baridi huelekea kutoka na weusi zaidi. Hivyo doa la uso la P. dominula huweza kukueleza kitu juu ya hali ya hewa au juu ya ugomvi wa kiotani. Halitakueleza yeye ni spishi gani.

Hali hiyo ya baridi na weusi usiishie kuikumbuka kwa uso tu. P. fuscatus wa kaskazini huwa na giza zaidi kuliko wa kusini, ambao wana kutu nyingi. Ukilinganisha picha yako na picha ya mtandaoni iliyopigwa kilomita elfu mbili mbali, tofauti ya wingi wa njano usiifanye hoja.

Uso utumie basi kwa mambo mawili: kuthibitisha jinsia, na kutazama shavu na taya pale ufunguo wa eneo lako unapokutaka ufanye hivyo.

Mitego mingine

Nyigu aliyetoka chumbani leo ana rangi zilizofifia na mwili laini; ngoja, au mtafute mwenzake aliyekomaa kwenye sega lilelile.

Lakini usidhani kila aliye juu ya sega ni wa spishi moja. Ulaya na maeneo ya jirani wapo Polistes wasiojenga: P. sulcifer, P. semenowi na P. atrimandibularis huvamia kiota cha spishi nyingine na kuwaachia wenyeji kazi ya kulea. Ukiona jike mmoja mwenye kichwa kipana na taya nene katikati ya wenzake wembamba, mpigie picha yake mwenyewe. P. atrimandibularis ana taya nyeusi, jambo linalosaidia.

Wakati mwingine utaona kitu cha kahawia kikichungulia kati ya pingili za tumbo. Si alama. Ni kimelea, kwa mfano Xenos vesparum, aliyejishindilia humo, na nyigu mwenye kimelea huenda asiwe na tabia wala umbo la kawaida. Mwache, tafuta mwingine.

Vielelezo vikavu vina hila yao. Nyigu aliyeuawa kwa sianidi, kama wakusanyaji wa zamani walivyofanya, njano yake inaweza kugeuka kuwa nyekundu, na ghafla sanduku la makumbusho linaonekana kuwa na spishi isiyokuwepo porini. Alkoholi nayo hufifisha rangi kadiri miaka inavyokwenda. Kwa vielelezo hivi, tegemea matuta, umbo na mpangilio wa alama. Rangi yenyewe iwe ya mwisho.

Hatua ya 8: Kuandika jina

Andika kwanza ulichoona, jina lifuate. Mfano wa rekodi inayofaa: jike, vipapasio chungwa pande zote, kifua cheusi, vidoa viwili vya njano mgongoni, mistari miwili kwenye mteremko, pingili ya pili ina madoa mawili, ncha ya tumbo chini haikuonekana. Kisha tarehe, mahali, na kiota kilikuwa wapi. Mtu mwingine akiisoma baada ya miaka kumi, majina yakiwa yamebadilika, bado ataweza kumpanga nyigu huyo.

Jina la spishi liandike pale alama tulivu mbili au zaidi zinapokubaliana na orodha ya eneo lako. Ikiwa ni moja tu, andika jina la jenasi na utaje spishi mbili zinazowezekana. Kama unapandisha picha iNaturalist, mtandao wa kuweka picha za viumbe, usikubali jina lililopendekezwa na programu kabla ya kuangalia ramani ya spishi hiyo. Mapendekezo hayo hutokana na picha, nayo huweza kunaswa na kufanana kulekule kunakomnasa mtu.

Na ukiwa na kielelezo kilichokufa ambacho alama zake zinapingana, kata mguu mmoja, uutie kwenye alkoholi safi, uweke lebo inayolingana na ya mwili uliokauka. Mwenye maabara ya vinasaba hahitaji zaidi ya hapo, na wewe unabaki na nyigu mzima wa kuendelea kumkodolea macho.